Bunduki ya kale ikifukuliwa Meru au Embu: Isafishwe, ijaribiwe au iachwe na kutu yake?

Tuseme nyumba ya mzee aliyeaga dunia inabomolewa huko Tigania au Runyenjes ili wanawe wajenge ya mawe, na kutoka katikati ya dari kuukuu kinaanguka kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Gunia likifunguliwa, ndani mna chuma kilicholiwa na kutu, chenye tundu upande mmoja na mabaki ya ubao upande wa pili. Hapana haja ya kumwita mtaalamu aseme hicho ni nini. Katika zilizokuwa wilaya za Meru na Embu, ambako vita vya Mau Mau vilipiganwa vijijini na misituni, bunduki iliyofichwa na kusahauliwa si jambo la kushangaza.

Kinachofuata ndicho kigumu. Mmoja katika familia atataka chuma hicho kisuguliwe king'ae, kitundikwe sebuleni kando ya picha ya marehemu. Mwingine, hasa akiwa kijana, atataka kujua kama "bado inalia". Wa tatu atashauri kirudishwe kilikotoka kabla chifu hajapata habari. Watatu hao wote wana sababu zao, lakini kila mmoja ameshika njia ambayo inaweza kumfikisha hospitalini, mahakamani, au kuipotezea familia ushahidi pekee wa yale ambayo mzee hakuwahi kuyasimulia.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba kuhifadhi bunduki ya kale na kuifufua ili ifyatue risasi ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi moja huiharibu nyingine.

Bunduki zinazoweza kupatikana katika eneo hili la mashariki mwa Mlima Kenya ni za namna mbili: zile zilizotoka kiwandani ng'ambo, na zile zilizotengenezwa papa hapa.

Za kiwandani zilifika pamoja na utawala wa Waingereza. Mwaka 1906 jeshi la King's African Rifles (KAR) liliishambulia Embu, na watu waliokuwa na mikuki na mishale wakakutana na bunduki. Miaka miwili baadaye afisa wa kikoloni Edward Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi, aliweka boma lake Meru. Tangu wakati huo bunduki ya serikali iliyojulikana zaidi ni Lee-Enfield, silaha iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1895 na kuendelea kuboreshwa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hubeba risasi kumi katika magazini yake, na baada ya kila mlio mfyatuaji huvuta na kusukuma bolti kwa mkono ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Ukubwa wa risasi yake ni inchi .303, ndiyo maana wazee wengi humu nchini huiita "thiri-o-thiri". Toleo lililoenea zaidi hapa baada ya vita hivyo lina uzito wa takriban kilo nne na urefu wa mita moja na ziada. Rasmi liliitwa Nambari 4, lakini Wakenya walilizoea kwa jina la Mark 4 na hawajaliacha hadi leo.

Vijana wa Meru na Embu waliijua bunduki hiyo kwa njia mbili. Kuna waliofundishwa kuitumia na Mwingereza mwenyewe, walipoandikishwa katika KAR na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 20, 1952, na bunduki ile ile ikageuka kitu cha kuwindwa. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954, alikuwa koplo wa KAR huko Burma. Katika upande wa Meru walipigana viongozi kama Musa Mwariama na Jenerali Baimungi. Silaha zao nzuri zilikuwa zile zilizonyakuliwa kutoka kwa askari, Hom Gadi na masetla, au katika mashambulizi makubwa kama lile la kituo cha polisi cha Naivasha la Machi 26, 1953, ambapo wapiganaji waliondoka na shehena ya bunduki na risasi.

Hata hivyo, bunduki za namna hiyo hazikutosha hata kidogo. Wengi walioingia msituni walikuwa na panga, simi, au bunduki ya kujitengenezea. Hii ndiyo namna ya pili, na kwa mtazamo wa historia ndiyo yenye thamani zaidi ingawa kwa macho inaonekana takataka. Wahunzi na maseremala waligeuza bomba la maji kuwa mtutu, komeo la mlango likawa bolti, na vipande vya mpira wa tyubu ya gari vikafanya kazi ya springi ya kuisukuma pini. Kitako kilichongwa kwa mti uliopatikana karibu. Ilifyatua risasi moja, kisha ganda likalazimika kuchokolewa kwa kijiti au waya. Nyingine zilikuwa hafifu kiasi kwamba aliyeibeba aliitegemea zaidi kumtisha adui, au kuonekana kwa mbali kama mtu mwenye bunduki.

Tuanze na kusoma maandishi ya bunduki, kwa sababu hatua hii hurukwa na kila mwenye msasa mkononi. Lee-Enfield ina mihuri mingi iliyogongwa kwenye chuma, na kila mmoja una maana. Mshale mpana wenye ncha tatu huonyesha kwamba ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza. Neno LONG BRANCH humaanisha ilitengenezwa Kanada, LITHGOW, Australia, na ikiwa na maandishi ya US PROPERTY ilitoka kiwanda cha Savage nchini Marekani wakati wa vita, wakati Uingereza haikuweza kukidhi mahitaji yake yenyewe. Bunduki moja huweza kuwa imechongwa Kanada, ikabebwa msituni Burma na kuishia katika kituo cha polisi kando ya Mlima Kenya. Nambari iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki inapaswa kufanana na ile iliyo kwenye mkono wa bolti. Zikitofautiana, mtu fulani aliunganisha bunduki mbili, na hiyo nayo ni habari.

Kuna pia herufi mbili ambazo kila anayeota kuifyatua bunduki ya kale anapaswa kuzitafuta kwanza: DP. Herufi hizo ziligongwa kwenye bunduki zilizochakaa na kuachiwa makurutu wa kufanyia gwaride tu. Silaha yenye alama hiyo ilikataliwa na mafundi wa jeshi lenyewe, zamani zile ilipokuwa ingali mpya kuliko ilivyo sasa.

Bunduki ya kujitengenezea haina mihuri. Maandishi yake ni alama za tupa, aina ya msumari, na jinsi ubao ulivyokatwa. Hapa msasa ni adui mkubwa zaidi. Ukiisugua kwa nusu saa unaweza kufuta kila alama ya mkono wa aliyeitengeneza, na ukabaki na bomba linalong'aa ambalo halisemi lolote.

Usafishaji wenyewe huanza kwa kudhani kwamba bunduki ina risasi ndani. Mpiganaji aliyeificha silaha yake akikimbia msako hakuwa na nafasi ya kuipakua kwa utaratibu. Bolti ikiwa imeganda kwa kutu, huwezi kuona kilichomo chembani, na kuigonga kwa nyundo ndiyo njia ya hakika ya kuigonga fataki iliyolala humo miaka sabini. Mafundi wa majumba ya makumbusho hutumia picha ya eksirei kabla ya kugusa chochote. Asiye na eksirei hana budi kuiacha jinsi ilivyo na kuita wanaohusika. Nyongeza ndogo kwa wakazi wa kando ya misitu: kitu cha chuma kilichofukuliwa Imenti au Irangi si lazima kiwe bunduki. Ndege za Lincoln za jeshi la Uingereza ziliangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kati ya 1953 na 1955, na si kila bomu lililoanguka lililipuka.

Ikithibitika kwamba chemba ni tupu, kazi huwa ya subira. Kutu ya juu hulegezwa kwa mafuta mepesi na kuondolewa kwa brashi ya shaba, ambayo ni laini kuliko chuma na haikwaruzi. Chuma kilichozikwa ardhini huwa kimenyonya chumvi ambazo huendelea kukila hata kikiwa ndani ya kabati, na njia mojawapo ya kuzitoa ni kukilaza katika maji yenye magadi huku mkondo mdogo wa umeme ukipitishwa ndani yake. Mpishi yeyote anayetia magadi kwenye maharagwe hatakosea sana akiwazia bakuli la kazi hiyo, ingawa hapa inayotumika ni ile iliyosafishwa kiwandani. Ubao nao una taabu zake. Vitako vya Lee-Enfield vilikuwa vya mti wa wolnati au wa bichi, na vikikauka hulishwa mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kitako kilicholiwa na mchwa hakibadilishwi na fundi wa makumbusho. Huimarishwa kilivyo, kwa sababu kitako kipya kingeifanya bunduki kuwa nzuri na ya uongo.

Hapo ndipo kazi mbili tulizotaja mwanzoni huachana. Mhifadhi akishazuia kutu isiendelee, amemaliza. Mwenye nia ya kufyatua hawezi kuishia hapo, kwa sababu anayoyajali ni mambo ambayo jicho haliyaoni.

Risasi ya .303 inapowaka, gesi yake husukuma kwa nguvu inayozidi mara 3,000 ya mgandamizo wa hewa tunayopumua. Nguvu hiyo yote huzuiwa na bolti pamoja na vishikizo vyake viwili vidogo vilivyo upande wa nyuma, sentimita chache kutoka kwa jicho la mfyatuaji. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni pengo lililopo kati ya uso wa bolti na mahali ukingo wa ganda unapoegemea. Kwa Lee-Enfield pengo hilo halipaswi kupungua inchi 0.064 wala kuzidi inchi 0.074. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni robo milimita tu, na hupimwa kwa vipande maalumu vya chuma, si kwa macho wala kwa uzoefu. Likizidi, ganda hunyooka na kupasuka, na gesi yenye moto hurudi usoni. Nambari 4 ilitengenezewa vichwa vya bolti vya vipimo vinne, kuanzia 0 hadi 3, ili fundi abadilishe hadi pengo litoshee. Hii ndiyo sababu bolti ya bunduki moja haitiwi katika nyingine kiholela, hata kama zinaonekana pacha.

Mtutu nao huchunguzwa kwa taa. Ndani yake mna mifereji inayozunguka ili kuipa risasi msokoto unaoifanya iende wima. Mtutu wa kawaida wa Lee-Enfield una mifereji mitano inayozunguka kuelekea kushoto, ingawa wakati wa vita baadhi ilichongwa miwili tu ili kuharakisha kazi. Kinachoiharibu zaidi si wingi wa risasi zilizopita bali chumvi iliyoachwa na fataki za zamani. Fataki hizo zilikuwa na kemikali iliyogeuka chumvi baada ya kuwaka, na chumvi hiyo ilinyonya unyevu wa hewa ukutani mwa mtutu. Askari wa KAR walifundishwa kumwaga maji yanayochemka ndani ya mtutu kabla ya kutia mafuta, kwa kuwa mafuta hayayeyushi chumvi. Mpiganaji aliyekesha kwenye mvua ya mlimani, asiyethubutu kuwasha moto usije moshi wake ukaonekana, hakuwa na maji ya moto. Mitutu iliyotoka msituni ina vishimo ndani kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na vishimo hivyo havitengenezeki.

Bunduki ikipita majaribio hayo yote, bado haifyatuliwi begani. Hufungwa kwenye kiunzi kizito, kamba ikafungwa kwenye kifyatuo, na fundi akasimama nyuma ya ukuta. Nchini Uingereza kazi hii ina taasisi zake kisheria, London na Birmingham, ambako risasi yenye nguvu kupita kiasi hufyatuliwa kwa makusudi, na mtutu usipopasuka hugongwa muhuri. Lee-Enfield nyingi zilizouzwa kwa raia zilitoka huko na maandishi madogo yanayosema 18.5 TONS, yaani tani zilizobebwa na kila inchi mraba siku ya jaribio. Kuuona muhuri huo si ruhusa ya kufyatua leo. Unathibitisha tu kwamba siku hiyo, mtutu ukiwa mzima, ulistahimili.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata watu waangalifu, nao ni risasi zenyewe. Ndani ya risasi ya .303 ya wakati ule hamna unga bali vijiti vya baruti iitwayo kodaiti, vinavyofanana na tambi. Zikikaa mahali penye joto na unyevu kwa miongo mingi, fataki hudhoofika na kodaiti huharibika. Mtu hubonyeza kifyatuo, akasikia pini ikigonga, kisha kimya. Akifungua bolti papo hapo kutazama, risasi huweza kuwaka ikiwa tayari imetoka nusu chembani. Wafyatuaji waliofunzwa hungoja kwa muda, bunduki ikiwa imeelekezwa mahali salama. Hatari kubwa zaidi ni risasi inayotoa mlio mdogo usio wa kawaida na kichwa chake kikakwama katikati ya mtutu. Asiyetambua hilo akafyatua ya pili, mtutu hufumuka mikononi mwake.

Hayo yote ni kwa bunduki iliyochongwa kiwandani kwa chuma kilichoteuliwa. Sasa rudi kwenye bomba la maji. Bomba la nyumbani limeundwa kubeba mgandamizo mdogo mno ukilinganisha na ule wa risasi, na aghalabu lina mshono uliounganishwa kiwandani kutoka ncha hadi ncha. Wapiganaji walijua hivyo, kwani walizishuhudia zikifumuka. Waliobahatika waliponea kwa sababu risasi ililegea ndani ya bomba lisilokuwa na mifereji, gesi ikavuja pembeni, na nguvu ikapungua. Risasi ilitoka ikipinduka hewani, na nje ya hatua chache haikujulikana ingeangukia wapi. Walizitumia kwa karibu mno, mara nyingi kumpokonya askari bunduki iliyo bora. Hakuna ukarabati unaoweza kuifanya silaha kama hiyo iwe salama, kwa kuwa hata ilipokuwa mpya haikuwa salama. Kuijaribu kwa risasi leo ni kuivunja, na huenda ni kumvunja mtu pia. Kwa maoni yangu jibu hapa ni moja tu, na halihitaji mjadala.

Yapo mazingira ambamo bunduki chakavu hufyatuliwa kwa mujibu wa sheria humu nchini, nayo ni maabara ya polisi. Mshukiwa akikamatwa na bunduki, ikiwemo ya kujitengenezea, mahakama huhitaji kujua kama kweli ni silaha. Mtaalamu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), ambayo makao yake ni Barabara ya Kiambu jijini Nairobi, huifyatua kwa tahadhari na kuandika ripoti. Kwa ulinganisho, kichwa cha risasi hunaswa kikiwa kizima, kwa mfano ndani ya tangi la maji, kisha hutazamwa chini ya hadubini pamoja na kile kilichookotwa mahali pa uhalifu. Mifereji mitano ya kushoto ya Lee-Enfield huacha alama ambazo haziwezi kuchanganywa na zile za AK-47, yenye mifereji minne ya kulia. Bomba lisilo na mfereji haliachi alama ya aina hiyo, na mchunguzi hubaki kutegemea zaidi ganda na jinsi pini ilivyoitoboa fataki.

Hapo ndipo familia yenye chuma cha marehemu babu inapojikuta pabaya. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka 1953 wakati wa vita hivyo hivyo na ambayo ingali inatumika baada ya marekebisho kadhaa, haizungumzii tu bunduki inayofyatua. Inataja pia ile inayoweza kurekebishwa ili ifyatue. Kutu si utetezi. Aidha, sheria hiyo inaiweka kazi ya kukarabati na kujaribu bunduki mikononi mwa wafanyabiashara wa silaha waliosajiliwa pekee. Fundi wa juakali mjini Meru au Embu anayekubali "kuilegeza kidogo" bolti ya jirani yake anatenda kosa, hata kama hakulipwa. Leseni za raia husimamiwa na Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki, na hiyo ndiyo mlango pekee kwa anayetaka kumiliki silaha, ya kale au mpya.

Wazee wa eneo hili hawahitaji kufundishwa uzito wa sheria hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari kupatikana na bunduki, au hata risasi moja mfukoni, kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi miongoni mwao hawakuhukumiwa kwa mauaji. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Februari 18, 1957, alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake. Mtu aliyeificha bunduki darini mwaka 1955 alikuwa ameficha hukumu yake ya kifo, na huenda hiyo ndiyo sababu hakumwambia mkewe wala wanawe. Hata baada ya Uhuru hofu haikuondoka mara moja. Mwariama alitoka msituni na kukutana na Jomo Kenyatta, na mnamo Desemba 1963 wapiganaji walikusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kusalimisha silaha. Baimungi na kundi lake walirudi msituni Meru wakilalamika kwamba hawakupata ardhi waliyoipigania, na mapema mwaka 1965 akauawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa haramu katika vitabu vya sheria hadi 2003. Kwa miaka hamsini, basi, hapakuwa na wakati ambapo mtu wa kawaida angefikiri ni jambo la busara kuutoa mtutu hadharani na kusema ulikuwa wa nani.

Kwa upande mwingine, Mark 4 haikuwa imestaafu. Polisi wa utawala na polisi wa akiba waliibeba kwa miongo mingi baada ya Uhuru, na katika mpaka wa Meru na Isiolo ilikuwa silaha ya kulinda mifugo. Askari wa wanyamapori nao walikuwa na bunduki za .303 wakati majangili walipoingia Mbuga ya Meru na silaha za rashasha. Mwaka 1988 vifaru weupe watano waliuawa humo. Kwa sababu hiyo polisi hawawezi kuitazama Lee-Enfield kama pambo. Anayeifufua hafufui historia peke yake.

Zinazosalimishwa au kunaswa huishia motoni. Mnamo Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki 5,250 huko Ngong, na mwaka 2021 nyingine zaidi ya 5,000. Lengo ni jema na sina ugomvi nalo. Bunduki isiyokuwepo haimuui mtu. Ila bomba lililogeuzwa bunduki na jambazi wa juzi na lile la mhunzi wa Embu wa mwaka 1953 hufanana sana likiwa limerundikwa na mengine elfu tano. Jicho lililozoea lingeweza kuzitofautisha: alama za kuchomelea kwa umeme, kwa mfano, hazingetoka kwenye kambi ya msituni, na mti uliochakaa kwa miaka sabini si rahisi kuuiga. Lakini ni sharti jicho hilo liwepo kabla ya kiberiti kuwashwa. Ningependa kuona mtu wa Makavazi ya Kitaifa akipewa siku moja tu na lundo hilo kila mara.

Kwa kweli anayetaka kuzitazama leo bunduki za kujitengenezea za Mau Mau zikiwa zimepangwa na kuandikwa maelezo anaweza kuzikuta London, katika jumba la Imperial War Museum, zilikofika kupitia wanajeshi waliozitwaa. Sanamu ya Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 inamwonyesha na bunduki mkononi, lakini bunduki hiyo ni ya shaba. Makumbusho ya Meru, yaliyo katika jengo la mawe la enzi ya mkoloni, yako karibu zaidi na mahali silaha hizi zilipotumika kuliko kabati lolote la Uingereza.

Njia ya kuifikisha bunduki huko ipo, ingawa ni ndefu. Aliyeikuta asiiguse wala kuisafirisha mwenyewe hadi kituoni, kwani kusimamishwa njiani na mtutu ndani ya matatu ni balaa tupu. Apige picha ilipolala, atume mtu kwa chifu au polisi waje waichukue mahali ilipo, na adai iandikwe katika kitabu cha matukio kwa maelezo kamili: ilipatikana wapi, ilifungwa kwa nini, nyumba ilikuwa ya nani. Barua ya kuwaarifu wasimamizi wa makumbusho iandikwe siku hiyo hiyo, nakala ibaki nyumbani, kwa sababu silaha ikishafika ghala la polisi bila maelezo huwa nambari tu. Ikikubaliwa kuhifadhiwa, fundi aliyeidhinishwa huizima kabisa, kwa kuziba chemba au kukata pini, kazi inayoweza kufanywa bila kuharibu sura ya nje.

Na kama mamake marehemu, shangazi au jirani wa rika lake angali hai, basi huyo ndiye wa kuketi naye kwanza, kabla ya brashi na mafuta. Bunduki inaweza kungoja miaka mingine kumi ndani ya gunia lake. Aliyemwona kijana akiingia nayo usiku ule, na ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili wakati huo, sasa amepita themanini.